Vazi la Mgeni Rasmi

Paukwa!

(Pakawa!)

Hiyo ndiyo pakawa ya watu wenye njaa, nimeisikia. Haya, tena. Paukwa!

(Pakawa!)

Kaa yuko wapi?

(Shimoni!)

Fisi yuko wapi?

(Njaani!)

Na sisi je?

(Tupo, tunangoja!)

Hayo sasa. Basi hadithi na ije, uwongo uwe wangu, utamu uwe wenu, na atakayesinzia ataamkia kwao.

Mimi nimepewa hiki kipaza sauti na kamati. Bwana Shaame, mwenyekiti wa tamasha letu, yule pale mwenye kanzu nyeupe anayechungulia barabarani, ameniambia, "Bi Mize, hebu wazungumzishe watu kidogo, mgeni rasmi yuko njiani." Njiani. Tangu asubuhi yuko njiani. Ngoma zimepashwa moto zikapoa, zimepashwa tena zimepoa tena. Watu wa Mivinjeni wamekaa upande ule, watu wa Chumvini wamekaa upande huu, wachezaji wamejipaka rangi mpaka zimeanza kuwatiririka mashavuni. Pilau iko chini ya makawa. Bi Mashavu, nakuona, rudisha hilo kawa. Hakuna kula mpaka mgeni rasmi afike, ndiyo desturi, na desturi sikuitunga mimi. Mimi natunga uwongo tu.

Basi hapo kale palikuwa na miji mitatu ya pwani, imepakana hivi, jogoo wa mji huu akiwika, wa mji ule ananuna. Mji wa kwanza Mikokoni, mji wa kaa na konokono. Hao walijua kuwamba ngoma. Mji wa pili Minazini, mji wa kima na komba. Hao walijua kusuka kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Mji wa tatu Mapangoni, mji wa kobe na popo. Hao walijua kucheza. Msicheke. Kobe anacheza, tena vizuri sana, ila ukitaka kumwona lazima uwe na nafasi.

Miji hiyo ilikuwa na ngoma moja kubwa, ngoma ya wote, jina lake Mvumo. Gogo lake lilitoka Minazini. Ngozi yake ilitoka Mapangoni. Vigingi vyake vilichongwa Mikokoni. Msiniulize ilikuwa ngozi ya nani, hadithi ya wanyama haiulizwi ngozi. Kabla ya Mvumo, miji hiyo ilikuwa haisalimiani. Mtu wa Mikokoni akikutana na mtu wa Minazini anatazama bahari. Lakini Mvumo ikilia, ti-ti-tindi, ti-ti-tindi, hakuna aliyeweza kubaki kwake. Anaacha chungu jikoni, anaacha ugomvi katikati, anakuja. Kwa hiyo mara moja kila mwaka, mpunga ukishavunwa, walikuwa na tamasha. Mikeka inatandazwa, vinyago vinapangwa, watu wanacheza, wanakula, wanasameheana ya mwaka mzima ili wapate nafasi ya kuanza upya.

Mlinzi wa Mvumo alikuwa Bi Kaa wa Mikokoni. Mdogo, hata ukimweka kwenye kisahani cha chai anaenea. Magando mawili, macho yake juu ya vijiti, akitembea, kwaru, kwaru, kwaru. Lakini ndiye fundi wa kuwamba kuliko wote. Yeye huilaza ngozi mbichi majini mpaka ilainike, akaivuta juu ya gogo, akaifunga, akaisogeza motoni. Ikikauka inajikaza. Ikijikaza inasema. Aliijua Mvumo kama mama anavyomjua mtoto wake, hata ikikohoa usiku anaamka.

Sasa, watu hawa walikuwa na akili zote isipokuwa moja. Kila mwaka walikuwa wanagombania mgeni rasmi. Mikokoni wanasema, "Mgeni rasmi awe wa kwetu." Minazini wanasema, "Wa kwenu ananuka tope, awe wa kwetu." Mapangoni nao hawajamaliza kusema, maana wao wanaongea polepole. Wakanuniana hivyo mpaka Mzee Kobe wa Mapangoni akatoa shauri. Akasema, "Tutafute mtu ambaye si wa Mikokoni, si wa Minazini, wala si wa Mapangoni. Hapo hatutaoneana wivu."

Wote wakaona hiyo ndiyo busara. Wakapiga makofi. Wakaenda kumtafuta mtu asiye wa kwao, na huko Vichakani wakamkuta Fisi.

Mnaguna. Nyie mnaguna, na mwaka jana mlifanya nini? Haya, tuendelee.

Fisi akaja, kweche, kweche, kweche. Shingo nene, tumbo mbele, taya la kusaga mfupa wa nyonga. Akaketi kwenye kiti cha heshima, kikalia. Akatazama pilau. Akasema, "Mimi ni nani?"

Wakasema, "Mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi hukataliwa?"

"Hakataliwi."

"Basi leteni."

Wakaleta sinia. Akala sinia. Wakaleta la pili. Akala la pili. Akala la wachezaji, akala la wapiga ngoma, akala na ukoko uliokuwa umewekewa wapishi. Wenyeji wakamtazama wakimeza mate.

Mwaka uliofuata akaja tena, kweche, kweche, kweche. Akaona mikeka ya Mikokoni na mitungi ya Mapangoni. Akasema, "Mimi ni nani?"

"Mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi hukataliwa?"

"Hakataliwi."

"Basi leteni."

Akaondoka na mikeka, akaondoka na mitungi, na pilau iko tumboni. Watu walikuwa wamekaa miezi wakisuka ile mikeka. Wakanung'unika, lakini nani atakayemwambia? Fisi akipiga mwayo unayaona meno yake mpaka ya nyuma.

Ndipo ukafika mwaka wa hadithi yetu. Siku moja kabla ya tamasha Fisi akaja kukagua maandalizi. Mgeni rasmi wa watu hukagua, si ndiyo? Bi Kaa alikuwa amekoka moto wa vifuu vya nazi, anaipasha Mvumo ili sauti yake itulie. Ngozi ikapata joto. Harufu yake ikatoka pale uwanjani, ikapita, ikaingia puani mwa Fisi.

Fu, fu, fu. Fisi akasimama. Fu, fu, fu. Ute ukamtoka, ukafika chini.

"Bi Kaa," akasema, "hii inayonukia ni nini?"

"Ni Mvumo, mheshimiwa. Ngoma ya miji mitatu."

"Ngozi?"

"Ngozi, mheshimiwa."

"Kavu?"

"Kavu, mheshimiwa."

Fisi akafumba macho. Akasema, "Mwaka huu sitaki mikeka wala mitungi. Kesho mkishamaliza kucheza, nitaondoka na hii. Ngoma ivumayo haidumu, wazee wamesema. Kabla haijapasuka, afadhali niile."

Bi Kaa akaipakata Mvumo kwa magando yote mawili, ingawa hata robo hakuizunguka. Mvumo ikiliwa, tamasha limekufa. Tamasha likifa, mtu wa Mikokoni atarudi kutazama bahari. Watoto watakua hawajui jina la jirani yao.

Bwana Kima wa Minazini akajitia ushujaa, akasogea. "Mheshimiwa, ngozi hii ni ya zamani. Ngumu. Itakuvunja meno."

Fisi akasema, "Meno yangu yamevunja mfupa wa tembo. Mimi ni nani?"

Kima akainamisha kichwa. "Mgeni rasmi."

Mzee Kobe akasogea. Alipofika, Fisi alikuwa ameshasahau kwamba kuna mtu anakuja. "Mheshimiwa," akasema Kobe, "chukua pilau yote, usibakishe hata punje. Utuachie ngoma yetu."

Fisi akasema, "Pilau nilikuwa nimeisahau, ahsante kwa kunikumbusha. Nitachukua pilau, na ngoma nitachukua. Mgeni rasmi hukataliwa?"

Kobe akaingiza kichwa ndani. Sauti ikatoka gambani, "Hakataliwi."

Basi hapo Bi Kaa akaiweka Mvumo chini. Akamwendea Fisi, kwaru, kwaru, kwaru, macho yake yamesimama juu ya vijiti.

"Mheshimiwa," akasema, "ngoma utapewa."

Watu wa Mikokoni wakashika vichwa. Kuna konokono mmoja alizirai, ila hakuna aliyejua mpaka jioni.

"Utapewa," akasema Bi Kaa, "lakini desturi ina maneno mawili, nasi siku zote tunakutajia moja, tumekukosea adabu. Neno la kwanza, mgeni rasmi hakataliwi. Neno la pili, mgeni rasmi hakatai."

"Hakatai nini?"

"Anachopewa na wenyeji. Akipewa anapokea, akivishwa anavaa, na akishavaa havui mpaka amepokea zawadi ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe. Akishindwa kuipokea, imebaki kwa wenyeji."

Fisi akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Mimi nikatae kupewa? Tangu lini? Bi Kaa, unamwambia samaki asikatae maji."

"Umekubali, mheshimiwa?"

"Nimekubali. Na hao wote wamesikia."

"Tumesikia," wakasema wote.

"Na kesho tutakuvisha vazi la heshima," akasema Bi Kaa. "Mpaka leo umekaa pale mbele na manyoya yako tu, ni aibu yetu. Tutakuvisha vazi la ngozi."

"Ngozi?"

"Ngozi, mheshimiwa. Nzima. Kutoka shingoni mpaka kiunoni."

Fisi akahesabu kichwani mwake. Ngozi ya ngoma, moja. Ngozi ya vazi, mbili. Akaondoka anapepesuka kwa furaha, kweche, kweche, kweche, ute unamdondoka njia nzima.

Alipokwisha toweka, watu wakamgeukia Bi Kaa kwa hasira. "Wewe mwanamke una wazimu? Unampa na vazi juu yake?"

Bi Kaa akamwita Kima. "Bwana Kima, nataka kamba zenu za usumba, zile ngumu za kufungia mizigo." Akamwita Kobe. "Mzee Kobe, kesho ninyi ndio mtafungua tamasha. Na mtacheza mchezo wenu wote."

Kobe akatoa kichwa nje taratibu. "Wote?"

"Wote. Mwanzo mpaka mwisho."

Mzee Kobe akajifuta machozi. Miaka yote walikuwa wakianza kucheza, wakifika kwenye hatua ya pili watu wanasema ahsanteni sana, makofi kwa kobe, kundi lijalo. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuuona mwisho wa mchezo ule. Hata kobe wadogo walikuwa hawaujui.

Kisha Bi Kaa akashuka kwenye kidimbwi nyuma ya nyumba yake. Mle alikuwa amelaza ngozi mbichi, ngozi ya akiba, aliyoitayarisha kwa ajili ya Mvumo siku itakapochakaa. Akaibonyeza kwa gando. Ilikuwa imelowa vizuri, laini kama chapati ya maji. Akaiacha ilale... Ah, nimeumwa na mbu. Akaiacha ilale mpaka asubuhi.

Kulipokucha, miji mitatu ikajaa uwanjani. Mikeka imetandazwa, mapambo ya makuti yametundikwa, asumini zimesokotwa, pilau imepikwa. Fisi akaja mapema, yeye huyo alikuwa hachelewi. Hilo tumpe. Kati ya sifa zote alizokosa, alikuwa na moja ambayo wengine hawana, wala simtazami mtu barabarani.

"Karibu, mheshimiwa," akasema Bi Kaa. "Inua mikono."

Akainua mikono. Wakamvisha ile ngozi. Ilimkaa vizuri, ya baridi, inateleza. Bi Kaa akatoboa matundu kwa gando lake, tuk, tuk, tuk. Kima akapitisha kamba ya usumba, akafunga mgongoni. Mikono ikalala ubavuni, ndani ya vazi, vidole tu ndio vinachungulia.

"Mikono mbona iko ndani?" akauliza Fisi.

"Mheshimiwa, umeona wapi mkubwa anajifanyia kazi mwenyewe? Mikono ya mkubwa hupumzika."

Fisi akaona ni kweli. Akainamisha mdomo aonje ukosi wa vazi. Haukufika, shingo ni nene. Akasema moyoni, si neno, nitakula nyumbani.

"Sasa keti hapa mbele," akasema Bi Kaa.

"Hapa karibu na moto?"

"Mgeni rasmi hukaa mbele. Na mbele ndipo tunapopashia ngoma. Au tukupeleke nyuma, ukakae na konokono?"

"Nyuma mimi siendi," akasema Fisi, akaketi.

Bi Kaa akaongeza vifuu motoni. Jua nalo likapanda. Akapiga magando yake, kwacha, kwacha, akatangaza, "Anafungua kobe."

Kobe wakaingia. Wakainua mguu wa kulia. Watu wakangoja. Wakauweka chini. Watu wakapumua. Mvumo ikasema ti. Ikanyamaza. Ikasema ti. Ikanyamaza. Kobe wakainua mguu wa kushoto.

Na ile ngozi ikaanza kupata joto. Kri.

"Bi Kaa," akasema Fisi, "vazi linanibana kidogo."

"Heshima hiyo, mheshimiwa. Heshima hubana."

"Ah, kumbe."

Kobe wakageuka. Kugeuka kwao, mwenye kwenda kisimani akaenda akarudi. Mvumo ikasema ti, ti. Moto ukawaka. Kri, kri.

"Bi Kaa, vazi linanibana kiunoni."

"Heshima imefika kiunoni, mheshimiwa. Wengine hawafiki nayo hapo."

"Ah, kumbe."

Popo waliokuwa wanaimba nyuma ya kobe wakashusha wimbo, na wimbo wenyewe ulikuwa huu:

*Mgeni wetu kavaa,*
*kavaa kapendeza,*
*mwacheni akae kitako,*
*heshima yake inaiva.*

Ti, ti, tindi. Kri, kri, kri.

"Bi Kaa," akasema Fisi, na sasa sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga, "sipati pumzi."

"Hata mimi, mheshimiwa. Mchezo ni mzuri mno."

Wakamaliza kobe. Mwisho wa mchezo wao, nawaambia, ulikuwa mtamu. Walijipanga kwa migongo, mdogo juu ya mkubwa, wakasimama mnara, na yule wa juu kabisa akatoa kichwa na kutabasamu. Watu walisimama kwa makofi. Mzee Kobe akalia waziwazi mbele za watu. Na ngozi ikawa imekauka kau, imejikaza toka shingoni mpaka kiunoni, na Fisi yumo ndani amenyooka, macho yamemtoka.

Bi Kaa akasimama mbele ya watu. "Ndugu zangu wa Mikokoni, Minazini na Mapangoni. Sasa ni wakati wa zawadi ya mgeni rasmi." Akaashiria, Mvumo ikaletwa, ikawekwa mbele ya kiti cha heshima, karibu kabisa, hata pua ya Fisi ikaisikia. Fu, fu, fu.

"Mheshimiwa, ngoma yako hii. Ipokee."

Fisi akavuta mkono. Mkono hautoki. Vidole vikachezacheza ubavuni.

"Mheshimiwa, ipokee. Hukataliwi."

Akavuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Ngozi ikasema kri, ikambana zaidi.

"Mheshimiwa, watu wanangoja. Mgeni rasmi hukataa?"

Fisi akafungua mdomo. Ikatoka "hi." Hewa haikumtosha kusema zaidi.

Bi Kaa akawageukia watu. "Mmesikia alichosema?"

"Amesema hi," wakajibu wote.

"Basi hakuipokea kwa mkono wake. Desturi inasemaje?"

"Imebaki kwa wenyeji," wakasema, na sasa walikuwa wameshaelewa. Kicheko kikaanza nyuma kwa konokono, kikaja mbele.

Bwana Kima hakuweza kujizuia. Mkono wa kima una adabu gani? Akamsogelea Fisi, akamgonga kidole tumboni. Tindi.

Watu wakatega masikio. Kima akagonga tena. Tindi. Sauti imetulia, nene, safi. Bi Kaa akainamisha macho yake kusikiliza, fundi ni fundi. Akasema, "Imewambika vizuri. Ila upande wa kiuno iko chini kidogo."

Wee, kilichofuata usikiulize. Mvumo ikasema ti-ti, Fisi akasema tindi. Mvumo ti-ti, Fisi tindi. Tamasha la mwaka ule lilikuwa na ngoma mbili. Walicheza mpaka vumbi likawa halijui litue wapi. Walikula pilau, wapiga ngoma kwanza, na ukoko wakaupata wapishi. Watu wa Minazini walikula sinia moja na watu wa Mikokoni, na hakuna aliyesema tope. Na kwa kuwa hawakuwa watu wabaya, kila wakipumzika walimlisha Fisi tonge moja mdomoni, la adabu.

Jua lilipopinda, Bi Kaa akamkaribia sikioni. "Mheshimiwa, dawa ya vazi hili ni maji. Bahari iko pale. Nenda kajilaze, litalainika litakuachia. Na mwakani ukija, njoo kama watu, ukae mkekani, ule sinia moja na wenzio."

Fisi akarukaruka mpaka baharini, puu, puu, puu, kwa sababu kiuno hakipindi. Akajitupa, chubwi. Akalala majini. Ngozi ikalowa, ikalegea, ikamvuka. Na unajua alifanya nini nayo? Aliila. Fisi ni fisi. Aliila yote na chumvi yake, na kipande kikamkwama kooni. Ndiyo maana mpaka leo fisi akitaka kusema neno la maana linatoka kicheko. Na kiuno chake mpaka leo kiko chini, kilibanwa siku ile hakikurudi. Na Bi Kaa mpaka leo anatembea upande, kwa sababu anacheza huku jicho moja liko Vichakani.

Na mgeni rasmi? Toka mwaka ule hawakugombana tena. Kwenye kiti cha heshima wanaiweka Mvumo yenyewe. Haichelewi, haihutubii, wala haili pilau.

Basi funzo la hadithi hii, sikilizeni vizuri, kamati nayo isikilize. Funzo ni kwamba uwongo haulipi. Bi Kaa alimdanganya Fisi toka asubuhi mpaka jioni, na aliambulia nini? Ngoma tu. Na pilau. Na mapenzi ya miji mitatu, na jina lisilosahaulika, na... Hebu ngojeni, funzo hilo limekaa vibaya. Labda funzo ni kwamba usiwe mwizi wa... Bwana Shaame ananipungia mkono. Nini? Gari?

Ahaa. Naliona vumbi. Mgeni wetu rasmi ameingia.

Basi funzo nimelipata, andikeni: mgeni rasmi aheshimiwe, hata akija pilau imelala. Simameni, watu wa Mivinjeni. Simameni, watu wa Chumvini. Karibu, mheshimiwa, karibu sana, tulikuwa tunakutaja kwa mema tu. Pole na safari. Pita huku mbele, kiti chako hiki hapa karibu na moto, tunapasha ngoma. La, usiulize wanacheka nini, hawa ni watu wenye furaha. Tunaanza na mchezo wa kobe.

Kabla hujaketi, mheshimiwa, inua mikono. Tumekuandalia vazi.

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevua viatu. Aliyeipenda aingie nayo ndani, aliyekasirika...

(Alivae!)